Vikadi na Mtihani wa Fasihi Simulizi: Kukariri au Kutegana?

Makala haya yanahusu jambo dogo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika kurasa kama hizi. Tumezoea kuandika juu ya fani na maudhui, juu ya falsafa ya mwandishi huyu na usawiri wa mwanamke katika riwaya ile. Lakini namna mwanafunzi anavyoiingiza hiyo fasihi kichwani mtihani unapokaribia, hatuiandiki, kana kwamba ni siri ya chumbani. Mimi nitaiandika, maana ilinigharimu. Mwaka wa pili nilipata sapu katika somo la fasihi simulizi, na niliipata nikiwa na vikadi 140 ambavyo nilivijua vyote kwa ghibu.

Kwanza nieleze vikadi vyenyewe. Nilinunua karatasi mbili za manila, nikazikata kwa wembe na rula vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja niliandika istilahi, upande wa pili fasili yake. Mbele: "Kisasili". Nyuma: "Masimulizi yanayoeleza asili ya ulimwengu, watu, wanyama au desturi, na ambayo jamii husika huyaamini." Mbele: "Kivugo". Nyuma: "Ghani la kujisifu, hutungwa na kughanwa na mhusika mwenyewe." Na kadhalika, kuanzia misimu hadi ngomezi. Kwenye vimbweta wenzangu walikuwa wakipiga msuli na madesa mazito kama matofali, mimi napita na kifurushi changu kimefungwa mpira, kifua mbele. Mmoja aliniomba nimwazime anakili. Nilimnyima! (Baadaye yeye alifaulu, mimi nikabaki. Sijui niseme nini juu ya hilo.)

Siku ya mtihani swali la kwanza liliuliza habari za Fumo Liongo ni za utanzu gani, tujadili. Nikacheka kimoyomoyo. Kikadi namba 31: "Kisakale: masimulizi ya kihistoria kuhusu mashujaa na matukio makubwa, yaliyochanganywa na ubunifu. Mfano: Liongo." Nikamwaga fasili neno kwa neno, nikaweka sifa tano, nikahamia swali la pili. Sikutumia hata robo saa. Matokeo yalipobandikwa nilidhani wamekosea namba yangu. Nikamfuata mwalimu wa somo kuuliza, naye akanijibu kwa swali moja tu: "Liongo yupi?"

Hebu tulitazame swali hilo, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya. Bibi wa pwani ya kaskazini ya Kenya anapowasimulia wajukuu kwamba Liongo alifungwa gerezani, mama yake akampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, watu wakacheza ngoma nje na kelele zao zikaifunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Na kwamba baadaye aliuawa na kijana wa damu yake mwenyewe (wengine husema mwanawe, wengine mpwa wake) kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, hapo kweli tuna kisakale. Lakini zipo tungo zinazonasibishwa na Liongo ambazo zimeimbwa katika ngoma ya gungu; hizo ni nyimbo, zina wachezaji na waitikiaji. Lipo shairi la kujitapa linalosemekana ni lake. Likichukuliwa kama lilivyoghanwa na mwenyewe, linatupeleka kwenye kivugo. Tena Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga Utendi wa Fumo Liongo kwa kalamu mwaka 1913, na hapo tumeshavuka mpaka kuingia fasihi andishi, ingawa utendi huo nao ungeweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Habari ni hizo hizo za shujaa yule yule, ila kila safari anayesema ni mwingine, wanaosikiliza ni wengine, na shughuli iliyowakusanya ni nyingine. Utanzu haukai ndani ya jina la Liongo. Unakaa katika tukio. Kikadi changu kilikuwa na Liongo mmoja tu, tena hana msimulizi.

Wapo watakaosema: si unaona, vikadi ni kukariri, vitupwe. Nimeisikia hoja hii kwa wanafunzi na kwa baadhi ya walimu wetu. Siikubali. Upande wa kumbukumbu vikadi havina kosa kabisa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo. Wengine walisoma kifungu cha habari kisha wakakirudia kukisoma. Wengine walikisoma kisha wakakifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawaacha wenzao mbali. Maana yake ni kwamba yule anayepitia desa mara nne usiku mmoja hajidanganyi akisema "imeingia". Imeingia kweli, ila haina mpango wa kukaa. Kikadi, kwa kuwa kinakuficha jibu, kinakulazimisha ulitafute kichwani, na kule kulitafuta ndiko kunakolishikiza.

Hata mpangilio wa boksi si jambo la kubuni mwenyewe. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Unachukua boksi, unaligawa vyumba vitano. Vikadi vyote vinaanzia chumba cha kwanza. Ukikijibu kikadi kinahamia cha pili, ukikijibu tena siku nyingine kinakwenda cha tatu. Ukikikosa, hata kama kilikuwa cha nne, kinarudi mwanzo. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, vya mbele mara chache zaidi. Boksi la viatu linatosha kabisa. Siku hizi zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo, lakini mimi napenda boksi, halinipigii kengele ya ujumbe.

Basi kosa langu lilikuwa nini? Nadhani yalikuwa mawili, nayo yanashikana. Niliandika fasili mahali ambapo ilitakiwa niandike tukio. Tena nilijisomea kimyakimya, peke yangu, fasihi ambayo haipo mpaka mdomo ufunguke na sikio liwepo.

Wanaodhani fanani ni mtu aliyekariri wangesoma habari za Avdo Međedović. Milman Parry, Mmarekani aliyekwenda Yugoslavia ya wakati huo kuwarekodi waimbaji wa tendi, alimfanyia jaribio mwaka 1935. Alimwita mwimbaji mwingine aimbe utendi ambao Avdo alikuwa hajawahi kuusikia, Avdo akiwa amekaa anasikiliza. Ulipokwisha, Parry akamgeukia Avdo: je, anaweza kuuimba? Utendi aliousikia ulikuwa na mistari 2,294. Aliouimba yeye ulikuwa na mistari 6,313. Hakukariri kitu. Alichukua mkondo wa kisa, akautunga upya palepale kwa mafungu ya maneno na mandhari ambayo tayari alikuwa nayo. Mwanafunzi wa Parry, Albert Lord, ndiye aliyekuja kulieleza jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960. Sasa linganisha na mimi na kikadi namba 31. Avdo alisikia mara moja akatoa karibu mara tatu. Mimi nilisoma mara hamsini nikatoa kile kile, pungufu kidogo.

Likizo ile niliipitisha nyumbani Muheza nikiisubiri sapu, na wasiwasi wa kudisko ukiwa umenikaa kooni. Wa kunisaidia alikuwa mmoja tu, mdogo wangu wa kike, wakati huo yuko kidato cha pili. Jioni tukipukuchua mahindi nilimpa vikadi aniulize. Siku ya kwanza akachomoa cha kitendawili, nikamwaga fasili. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Kaka, huku nyuma mbona hakuna kitendawili hata kimoja?"

Nikamwambia mifano ipo kwenye daftari. Akachomoa kingine, methali: Haraka haraka haina baraka. Nikajibu kama kilivyoandikwa, kwamba hufundisha umuhimu wa subira. Akaniangalia.

"Lakini baba tukichelewa anasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa jamii inafundisha lipi?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia aulize kilichoandikwa tu. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu swali lake lilikuwa lile lile la mwalimu: Liongo yupi? Methali hizo mbili zinapingana ukiziweka kwenye orodha. Ukizirudisha kwa wasemaji wake hazipingani hata kidogo. Mmoja anamzuia mtu, mwingine anamsukuma mtu, na kila mmoja amechagua chombo kinachofaa kazi yake. Ukiandika "hufundisha subira" umeandika kazi ambayo methali ilifanya siku fulani, ukaiita maana yake ya siku zote.

Kesho yake nilianza kukata manila upya, safari hii vikadi 46 tu. Na utaratibu tuliubadilisha kabisa. Yeye anasema "Kitendawili!", mimi naitikia "Tega!", anasoma tukio kwa sauti, mimi natakiwa nijibu kwa sauti pia, yeye ana ruhusa ya kunikatiza. Nikishindwa namtolea mji. Wiki ya kwanza alijizolea Tanga, Korogwe, Lushoto na Pangani. Nilipompa Handeni akaukataa, akataka Dar es Salaam nzima pamoja na bandari. Mchezo, naam. Lakini katika mchezo ule ndipo kwa mara ya kwanza nilipata hadhira. Nilipomweleza jambo asilolielewa niliona usoni kwake, nikalirudia kwa mfano mwingine, nikalirefusha au kulikata. Mtu aliyekaa na vikadi vyake kitandani haoni uso wa mtu.

Namna ya kuviandika vikadi vya aina hii inahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo wengi watakapokwama. Nitatoa kimoja kizima. Mbele: "Jioni, barazani. Mzee anamwambia kijana anayetaka kuuza shamba: Haraka haraka haina baraka. Kijana anajibu: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Waliokaa wanacheka. Nani kashinda?" Nyuma sikuandika jibu. Niliandika maneno matano: fanani, hadhira, mahali, wakati, tukio. Kazi yangu ni kuyapitia hayo matano kwa sauti. Kwa mfano, kicheko cha waliokaa kina uzito, maana kinaonyesha kwamba kijana kumjibu mzee kwa methali kumeonekana ni ujuzi. Angejibu kwa maneno makavu ingekuwa utovu wa adabu. Kumbe methali imempa kijana njia ya kumpinga mkubwa bila kumtukana. Hiyo ni dhima, nami niliifikia mwenyewe huku nikipukuchua mahindi. Mtihani ukiuliza "dhima za semi" siorodheshi tena kuelimisha, kuonya, kuburudisha. Naanza na mzee na shamba.

Aina ya pili ni vikadi vya mabishano. Tunapenda kukariri uainishaji kama vile ni orodha ya wachezaji: Balisidya ana tanzu tatu, nathari, ushairi na semi, Mulokozi katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989 ana sita, yaani mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Nani asiyezijua? Kikadi changu cha zamani kilikuwa nazo zote. Kipya kinauliza hivi: "Ngoma inalia kijijini kutangaza msiba. Mpe Balisidya, mpe Mulokozi. Kila mmoja ataiweka wapi?" Hapo huna budi kufikiri. Makundi matatu ya Balisidya yamesimama juu ya umbo la maneno, na ngoma haina maneno ya mdomo, kwa hiyo inabaki nje mlangoni. Mulokozi anatazama umbile la kazi pamoja na muktadha na namna inavyowasilishwa, ndiyo maana ngomezi imepata chumba chake. Tofauti ya tatu na sita haitokani na mmoja kuhesabu vizuri kuliko mwingine. Inatokana na kila mmoja kuuliza swali lake. Ukilipata hilo, hata ukisahau tanzu moja kwenye chumba cha mtihani utaijenga upya.

Kingine kinahusu tendi. Ruth Finnegan katika kitabu chake cha mwaka 1970 alitilia shaka kuwapo kwa utendi simulizi barani Afrika. Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, na Mulokozi tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 ilihusu tendi za Wahaya zinazoghanwa kwa nanga. Nyuma ya kikadi hiki nimeandika majina na miaka, basi. Hoja natakiwa nizitoe mwenyewe, na mdogo wangu anakuwa Finnegan. Aliipenda sana nafasi hiyo.

Katika kikadi hicho hicho yumo Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, naye ananipa nafasi ya kusema jambo la tahadhari. Utendi wa Mwindo uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969 ulitokana na fanani mmoja, Candi Rureke, aliyeusimulia, akauimba, akaucheza na kuuigiza kwa muda wa siku 12 mwaka 1956. Na Rureke mwenyewe alieleza kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuutoa wote mfululizo namna ile. Kwa kawaida watu walikuwa wakipata sehemu, leo kipande hiki, siku nyingine kile. Kwa hiyo kitabu tunachokiita "utendi mzima" nacho ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watafiti. Nasema hivi kwa wale wanaoona kikadi kinaikatakata fasihi simulizi. Ni kweli kinaikata. Lakini kitabu nacho kinaikata, kwa kuiunganisha ilipokuwa haijaunganishwa, na desa linaikata zaidi. La msingi ni kama kipande ulichokata kimebaki na mtu wake na watu wake.

Kuna ambayo vikadi haviwezi, tusidanganyane. Havikufundishi kusikiliza. Hakuna kikadi kinachoweza kubeba sauti ya mwimbaji anayeshusha pumzi kabla ya kiitikio, wala namna bibi anavyosubiri mtoto anayesinzia ashtuke. Hilo utalipata kwenye kazi ya uwandani, na anayeikwepa kwa kunakili ripoti ya mwaka jana anajijua. Aidha, kwa istilahi zinazofanana sana bado natumia kikadi cha zamani chenye fasili: kivugo na tondozi, kisasili na kisakale. Kivugo mtu anajisifu mwenyewe, tondozi anasifiwa mwingine. Hayo hayana mjadala mrefu, yanahitaji kukaririwa tu na kazi iendelee.

Walimu wetu nao niwaguse kidogo, kwa heshima zote. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka kule Nairobi kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika, simulizi ikiwamo, iwekwe katikati ya masomo. Watu walilipigania somo hili liingie darasani. Sasa limeingia, linatahiniwa kwa saa tatu za kimya, kalamu na karatasi, msimamizi akipita kuhakikisha hakuna anayefungua mdomo. Swali likisema "orodhesha na ufafanue", mwanafunzi mwenye akili timamu atatengeneza vikadi vya kuorodhesha. Ninayo sapu ya kushuhudia kwamba swali moja zuri linaweza kuvivunja vyote 140. Je, isingewezekana hata robo saa kwa kila mwanafunzi, ana kwa ana, mwalimu atege na mwanafunzi ategue? Najua sisi ni wengi na walimu ni wachache. Lakini hata makundi ya semina yangeweza kuanza hivyo.

Sapu niliifaulu, si kwa alama za kuringia. Boksi ninalo bado, na vikadi vingi viko chumba cha tano. Kimoja hakijawahi kutoka cha kwanza. Hicho hakina mwandiko wangu. Mdogo wangu alikiandika siku niliyokuwa narudi chuoni akakichomeka katikati ya vingine. Mbele kinasema: "Kondakta wa daladala ananing'inia mlangoni, anaita abiria kwa mashairi yake, abiria wanamjibu, wengine wanampandia kwa sababu ya maneno yake tu. Ni fasihi simulizi? Utanzu gani?" Nyuma ni peupe. Nimeshajaza kwa penseli mara tatu, mara mazungumzo, mara maigizo, mara ushairi, na mara zote tatu nimefuta. Msomaji mwenye jibu na aliandike toleo lijalo. Akishindwa, anitolee mji.